Nyuma ya Sikio la Kushoto

"Umenivuta nywele!"

"Nimekuvuta nywele mimi? Kwa mkono gani huo, mama, wa kupenya ukuta?"

"Mkono wako huo huo. Tangu asubuhi unanivuta. Nimekaa kwangu, nimejifungia, nashona zangu, unanivuta!"

"Jamani, njooni mshuhudie. Mtu yuko kwake, mimi niko kwangu, katikati kuna ukuta wa matofali, halafu ati namvuta nywele. Kesho utasema nimekung'ata."

"Usinifanyie dhihaka."

"Dhihaka umeianza mwenyewe."

Ungewasikia hivyo bila kujua habari, ungedhani Mama Fundi kachanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anavutwa kweli, na aliyekuwa akimvuta ni Msusi kweli, ila Msusi mwenyewe alikuwa hana habari. Ngoja nieleze. Mimi nauza vocha na maji ya baridi pale pa kuingilia uani kwetu, na hakuna jambo linaloingia wala kutoka bila kunipitia.

Ua wetu ni vyumba vilivyotazamana pande mbili, bomba moja katikati, na kamba za nguo zinazokatiza juu ya vichwa. Mama Fundi na Msusi wamepakana. Upande huu cherehani dirishani, upande ule kiti cha kusukia na kioo chenye ufa. Miaka yote walikuwa chanda na pete. Kila Jumamosi Mama Fundi alikaa chini ya mikono ya Msusi, na kila gauni la Msusi lilipita chini ya sindano ya Mama Fundi. Ukitaka siri ya mmoja, ulimwendea mwenziwe, na hukuipata.

Kilichowaharibia ni harusi. Binti wa Mama Fundi aliolewa, na kichwa cha binti huyo Msusi alikuwa anakijua tangu hakijaota nywele za kushikika. Siku ya siku, bibi harusi akapelekwa saluni ya mjini yenye vioo mpaka darini. Msusi alizipata habari hizo kwa mteja. Kwa mteja, jamani! Angezipata kwa mwenyewe angenuna kidogo, yakaisha. Kuzipata kwa mtu aliyekuja kutengenezwa kucha, hilo lilimkaa rohoni kama mfupa.

Basi wakanuniana. Hawakugombana, ingekuwa heri, maana ugomvi una mwisho. Wakawa wanatumana. "Mwambie jirani yako bomba linavuja." "Mwambie nimeliona." Mama Fundi akawa hasuki tena, anajifunga kilemba kutwa. Msusi akapeleka kitambaa chake kwa fundi wa barabarani, akarudi na gauni lenye mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Siku alipolivaa alitembea amekunja kiwiko ili mikono ilingane. Wote tuliona, hakuna aliyesema. Mama Fundi aliona kutoka dirishani kwake, akaziba mdomo kwa kiganja, akarudi kwenye cherehani.

Na sasa Mama Fundi alikuwa anasafiri. Binti yake alikuwa karibu kujifungua, huko mbali alikoolewa. Mkwe alishamjengea mama chumba, akasema aje na cherehani yake. Mtu anayesafiri na cherehani haendi kutembea. Safari yenyewe ilikuwa kesho yake alfajiri. Nilimuuliza, "Mama Fundi, utasafiri na kichwa hicho?" Akanijibu, "Nitasukwa huko huko." Alilisema kama mtu anayesema atazikwa huko huko.

Na Msusi naye nilimuuliza, maana kuuliza ni kazi yangu ya pili. "Hutamuaga mwenzio?" Akasema, "Anayeondoka ndiye huaga." Nikaenda kwa Mama Fundi na jibu hilo, nikalipunguza makali njiani. Akasema, "Anayebaki ndiye husindikiza." Nikaona hawa wataachana hivi hivi.

Hapo ndipo anapoingia Dada Gusa.

Jina hilo tulimpa sisi. Alitoka chuoni, akapanga chumba cha mbele kilichokuwa stoo ya saruji. Kwanza tulidhani ni mhubiri, baadaye tukadhani anauza mafuta ya ngozi. Siku aliyotukusanya, swali lake la kwanza lilikuwa: "Mara ya mwisho kuguswa na mtu ilikuwa lini, na alikugusa wapi?" Ua mzima uliangua kicheko. Mzee mmoja anayetengeneza redio akasema, "Swali hilo huulizwa na mke wangu, na huuliza akiwa ameshika mwiko."

Dada Gusa alicheka na sisi, hilo likampa uenyeji. Akatueleza kwamba wenzake chuoni wanatengeneza vibandiko vya kubandika mwilini, vyembamba kama ganda la kitunguu. Unabonyeza chako hapa, mwenzako popote alipo anahisi kwenye chake, ngozi inakazwa kidogo kama imeshikwa. "Wenzangu wanajua waya," alisema. "Bado hatujui watu wanapenda kushikwa vipi, na nani, na wapi hawataki. Nikiwapa karatasi ya maswali mtanijibu mnachodhani nataka kusikia. Kwa hiyo tutacheza."

Na kweli tulicheza, watu wazima na ndevu zao. Kulikuwa na mfuko mweusi: unaingiza mkono bila kuchungulia, unashika kitu, halafu unamweleza mwenzako kilivyo kwa kumgusa kiganja tu, hakuna kusema. Niliposhika sponji nikamfinya mzee wa redio, akadhani ni kenge. Kulikuwa na udongo wa mfinyanzi wa kufinyanga namna unavyoshikwa na mtu unayempenda, na namna unavyoshikwa na daktari. Halafu kulikuwa na karatasi kubwa za kukatia nguo, alizitoa Mama Fundi. Unalala juu yake, unachorwa mzingo wako mzima, kisha unajipaka rangi mwenyewe. Kijani, hapo yeyote anaweza kunigusa. Njano, wachache. Nyekundu, asithubutu mtu.

Mimi nilijipaka kijani kwa wingi, kwa kuwa ni mtu wa watu. Mume wangu alipoiona ukutani akaisogelea, akaweka kidole, akauliza, "Na hapa pia?" Ikabidi nirudi na kalamu nyekundu.

Msusi alipaka viganja vyake kijani iliyokoza, akasema mengine hana muda nayo. Mama Fundi yeye alijipaka nyekundu taratibu, bila kutoka nje ya mstari. Ajabu, kwa kuwa kutwa anapima watu viuno na mabega, mkono wake hauna mgeni. Ila kumbe yeye hakuna anayempima. Alipofika kichwani akasimamisha kalamu. Dada Gusa akamuuliza, "Hapo?" Akasema, "Hapo sijui niweke rangi gani," akapaacha peupe.

Dada Gusa alipojua Mama Fundi anaondoka, alifurahi kwa kazi yake. Alihitaji mtu mmoja aende mbali na mmoja abaki, ajue kama mguso unafika salama. Akampa Mama Fundi ushanga wa kijani, sisi wengine akatupitishia bakuli tuchukue bila kutazama. Atakayeibuka na wa kijani ndiye mwenzake. Bakuli likapita. Mimi bluu. Mzee wa redio bluu. Msusi akafungua kiganja, kijani.

Dada Gusa hakujua ya harusi. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na mimi nilikuwa nangoja aniulize. Sasa, mmoja wao angesema "simtaki huyu," mambo yangekwisha. Lakini nani akatae kwanza? Akikataa, ndiye aliyeumia zaidi. Basi kila mmoja akasema, "Mimi sina neno, labda mwenzangu." Kwa kiburi hicho hicho wakabandikwa, ilikuwa jana yake jioni. Msusi akachagua kifundo cha mkono wa kulia, kwa ndani. Mama Fundi akasema mkononi kitamzuia sindano, abandikwe kisogoni, chini ya kilemba.

Hakuna aliyebonyeza. Usiku mzima kimya, kila mmoja anamngoja mwenziwe. Asubuhi mteja akaja kwa Msusi, karani wa benki aliyekuwa na haraka zake, na haukupita muda Mama Fundi akatoka nje ameshika kisogo. Ndiyo ile "umenivuta nywele" mliyoisikia.

"Nimevumilia moja, nimevumilia la pili," Mama Fundi alikuwa anasema sasa, sauti imepanda. "Ya harusi unanilipiza leo, na kesho naondoka? Ungenisubiri basi nifike!"

"Harusi umeitaja wewe, sikuitaja mimi. Ushuhuda huo!" Msusi akatugeukia sote. Nyuma yake mlangoni alisimama yule karani, kichwa upande mmoja mistari iliyonyooka, upande mwingine kama mtu aliyetoka kuamulia ugomvi.

"Samahani," karani akasema, "mimi kazini natakiwa."

Dada Gusa alitoka chumbani kwake mikono ina udongo mbichi. Akamuuliza Msusi, "Dada, ulikibonyeza?"

"Sijakigusa. Naapa kwa kaburi la mama."

"Nakuamini." Akamgeukia Mama Fundi. "Mama, nakuamini na wewe. Kinakuvuta vipi?"

"Kinanivuta tu, kama..."

"Usiniambie. Nionyeshe." Akakaa kwenye kizingiti, akafungua kibanio chake, akampa kichwa.

Mama Fundi akasita. Halafu akashika fungu dogo la nywele pale kisogoni, akaanza. Vuta, vuta, vuta, tua. Vuta, vuta, vuta, tua. Mara nyingine akavuta kwa urefu akiteremka, akamalizia na kipindo kidogo cha vidole.

Nikamtazama Msusi.

"Hiyo," akasema, na sauti imeshuka, "siyo kuvuta. Hiyo ni kusuka."

Dada Gusa akamshika kifundo cha mkono, akamwambia akunje vidole kama anayekaza mstari. Pale chini ya kibandiko mishipa ikainuka na kushuka. "Kinadhani kimebonyezwa," akasema. "Kila unapokaza, kinatuma. Wenzangu waliniambia hakiwezi kufanya hivyo."

"Waambie waje wasukwe," akasema mzee wa redio.

Lakini Mama Fundi bado alikuwa amekaza uso. Mtu akishalia mbele za watu kwamba ameonewa, hawezi kushuka mara moja. "Nitajuaje ni kweli?" akauliza.

"Tujaribu," akasema Dada Gusa. "Dada, rudi ukasuke."

"Hatimaye kuna aliyenikumbuka," akasema karani, akawahi kiti.

Tukamketisha Mama Fundi kwenye kigoda karibu na bomba, ameupa mgongo mlango wa Msusi, macho kafumba. Mimi nikasimama dirishani kwa Msusi kuwa macho ya watu. Kazi hiyo hata nisingepewa ningeifanya. Wengine wakajaa uani, mwenye ndoo na ndoo yake, mwenye mtoto na mtoto wake.

"Ameanza," akasema Mama Fundi.

Nikachungulia. Ameanza kweli. Nikapiga kelele, "Ndiyo!"

"Anakaza... anakaza... anateremka sasa. Amefunga."

"Amefunga!"

Ua ukashangilia kama limeingia goli. Watu walianza kumwamini, na nadhani hata yeye alianza kuona raha kidogo, mabega yakashuka. Akaendelea. Huu mstari mwembamba. Huu ameukosea, anaufumua. Na kweli Msusi alikuwa anafumua, ananikata jicho eti nisiseme.

Halafu Mama Fundi akainamisha kichwa kidogo.

"Amehamia kushoto," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Umejuaje? Kwani kuna kushoto na kulia?"

"Mkono umelegea. Amefika nyuma ya sikio." Akangoja. "Haya, ameshapita, amekaza tena."

Nikatazama. Vidole vya Msusi vilikuwa vimesimama hewani, nyuma ya sikio la kushoto la karani.

"Rudia," Dada Gusa akamwambia. Msusi akashika mstari mwingine. Kulia, mbele, juu, mkono ni ule ule wa chuma tunaoujua, wa kukupandisha nyusi. Ulipofika nyuma ya sikio la kushoto ukalainika, ukapapasa, ukapita kama unaogopa kumwamsha mtu. Na kutoka bombani Mama Fundi akasema, "Hapo."

Karani akaruka kitini. "Kumbe! Ndiyo maana zangu hufumuka upande huo kwanza!"

Weee, ua ukachachamaa. "Na mimi!" "Na mimi, wiki haiishi!" Maana hilo lilikuwa lalamiko la kila kichwa kilichopita pale: kazi ya Msusi ni safi, ila nyuma ya sikio la kushoto haikai. Tulipomlalamikia alituambia tunalalia upande huo. Mimi nilibadilishana upande wa kitanda na mume wangu kwa ajili ya neno hilo, na mpaka leo nalala ukutani kama mkeka.

Mama Fundi alinyanyuka, akafungua kilemba. Hatukuwa tumeona kichwa chake tangu ile harusi. Nywele zilikuwa zimejifunga mafundo, na mvi zimeongezeka. Akakunja sikio la kushoto mbele ili Dada Gusa aone. Nyuma yake palikuwa na kovu, ngozi laini inayong'aa kama kitambaa kilichounguzwa na pasi.

"Jipu la utotoni," akasema. "Pakivutwa napata kizunguzungu. Nilimwambia siku ya kwanza kabisa aliponisuka. Sikurudia kumwambia tena."

"Hukuhitaji," akasema Msusi kutoka ndani. Alikuwa amekuja mlangoni na kitana mkononi. "Mimi sikujua kama nafanya hivyo."

"Kwa wote?"

"Kwa wote, inaonekana. Nimewaharibia watu vichwa kwa ajili yako."

Watu wakataka kucheka, wakaona bado. Wale wawili walikuwa wanatazamana, na ilikuwa mara ya kwanza kusemezana bila mtu wa kutumwa katikati. Mimi nilijikuta sina kazi.

"Ile saluni," Mama Fundi akasema, "wakwe ndio waliipanga. Sikuwa na mdomo wa kuwakatalia. Na nikishindwa kuwakatalia, nitakuja kwako na uso gani?"

"Ungekuja hivyo hivyo bila uso. Mimi nakutaka uso? Mimi kazi yangu ni kisogo."

Sasa tukacheka. Mama Fundi naye akacheka, akajifuta jicho na ncha ya kilemba.

"Na hilo gauni?" akauliza.

"Gauni gani?"

"Hilo lenye mkono mmoja wa mtoto na mmoja wa baba yake."

"Acha tu, mwenzangu. Kiwiko kimekufa ganzi kwa kukikunja. Nilijua unaniona."

"Nilikuona. Lete nilirekebishe kabla sijafunga cherehani."

Dada Gusa alikuwa anasikiliza ameegemea nguzo. Akawaambia kwa upole kwamba wenzake wakisikia watataka kulirekebisha jambo hilo, kibandiko kitume tu mguso uliokusudiwa, si kila mkono unapofanya kazi. Kwao hiyo ni hitilafu. "Lakini vibandiko hivi viwili viko kwenu. Niwaulize ninyi. Nivichukue?"

"Changu kiache," akasema Mama Fundi haraka. "Nikiwa huko nikivutwa, nitajua ana wateja."

"Na usipovutwa?" nikauliza mimi.

"Nitabonyeza, nimuulize kulikoni."

"Usije ukabonyeza wakati nimeshika mkasi," akasema Msusi, akarudi ndani kwa karani. Safari hii, upande wa kushoto, nilimwona anajilazimisha: anakaza, anameza mate, anakaza. Karani akasema "aii," kisha akasema "asante." Alipoondoka alikuwa na kichwa kilicholingana pande zote, kazini kachelewa, na habari ya kupeleka.

Watu wakatawanyika na ndoo zao. Safari ilikuwa pale pale. Mzigo wa Mama Fundi ulibaki mlangoni umefungwa kamba. Lakini jua bado lilikuwa juu, na yeye alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha Msusi na kilemba mkononi, gauni la mwenziwe begani, hajui kama aingie au aombwe. Msusi akamwangalia kichwa, akakizunguka, akaingiza kidole kwenye fundo moja na kukitoa.

"Hiki ni kichwa au ni jalala?"

"Kisuke basi."

"Hiki kitachukua mpaka jioni, na mimi sisuki mtu mwenye njaa, anatikisika." Akaweka kitana juu ya kioo, akafunua sufuria, mvuke ukamfunika uso. Akachukua sahani mbili, akatupa jicho dirishani nilipokuwa, akaongeza ya tatu. Kisha akaongeza ya nne, akapaza sauti ili na chumba cha mbele kisikie. "Dada Gusa, nawa huo udongo uje! Na wewe, Mama Fundi, vua viatu uingie. Tule kwanza."